Mboji: neema ya udongo, kero ya maji

Fukua kidogo chini ya mti mkubwa ambao majani yake yamekuwa yakianguka mwaka baada ya mwaka. Juu kabisa utakuta majani makavu ambayo bado unayatambua kwa umbo. Chini yake yapo yaliyochakaa, yamebaki mishipa mitupu kama wavu. Shuka tena kidogo, majani yamekwisha: una udongo mweusi, mwepesi, unaoacha rangi vidoleni na kunukia kama ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza. Weusi huo ndio mboji. (Harufu yenyewe si yake hasa. Inatokana na jiosimini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wanaoishi humo. Lakini pua ya mkulima imezoea kuvisoma viwili hivyo kwa pamoja, na mara nyingi haikosei.)

Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu unaanza mkulima, mkemia, fundi wa mtambo wa maji na msimamizi wa taka wanapolitumia neno hilohilo. Mkulima anataka mboji iongezeke. Fundi wa maji anatumia fedha nyingi kuiondoa. Msimamizi wa taka anaingoja itokee ndipo aseme kazi imekwisha. Mkemia naye anauliza kama kweli kuna kitu kimoja kinachostahili jina hilo. Ukiwasikiliza mmoja mmoja utadhani wanapingana. Kwa maoni yangu wote wanazungumzia tabia mbili zilezile: mboji huoza polepole mno, na mboji hung'ang'ania vitu. Mazuri yake na mabaya yake, popote utakapoikuta, yanatoka hapo.

Ubishi juu ya weusi

Mwaka 1786 mwanakemia wa Ujerumani, Franz Karl Achard, alichukua mabaki ya mimea yaliyoshindiliana kinamasini kwa karne nyingi, akayatia katika maji ya alkali. Maji yakawa meusi. Alipoongeza asidi, weusi ukajitenga na kutuama chini. Jaribio hilo dogo liliongoza sayansi ya mboji kwa zaidi ya miaka mia mbili. Waliomfuata waligawa mboji katika mafungu matatu kwa njia ileile. Kinachoyeyuka katika alkali kisha kikatuama ukitia asidi ni asidi ya humiki. Kinachobaki kimeyeyuka hata baada ya asidi ni asidi ya fulviki. Kisichoyeyuka kabisa ni humini.

Kutokana na mafungu hayo likajengwa fundisho kwamba mimea ikioza, vipande vyake huungana upya ndani ya udongo na kuwa molekuli kubwa mno, ngumu, zenye umbo la ajabu, ambazo bakteria hawaziwezi. Kwa hiyo mboji ingekuwa kitu kipya ambacho mmea haukuwa nacho, na ugumu wake ndio ungeifanya idumu.

Fundisho hili lina tatizo ambalo ukilisikia mara moja hutalisahau. Alkali inayotumika kuitoa mboji ni kali mno, na hakuna udongo wa kawaida wenye ukali huo. Je, tunachokiona kwenye chupa kilikuwamo udongoni, au tumekitengeneza sisi wenyewe? Vyombo vilipopatikana vya kuchungulia udongo bila kuuloweka kwenye alkali, zile molekuli kubwa za pekee hazikuonekana. Kilichoonekana ni vipande vya mimea na vya vijidudu katika kila hatua ya kuvunjika, vimegandamana juu ya chembe za madini. Mwaka 2015 wanasayansi wa udongo Johannes Lehmann na Markus Kleber waliandika katika jarida la Nature kwamba wakati umefika wa kuliacha fundisho la zamani, na kuyatazama mabaki haya kama mfululizo mmoja, kuanzia jani zima hadi kipande kidogo kinachoyeyuka majini.

Si wote waliokubali. Wanasayansi kadhaa, hasa wanaoshughulika na kemia ya maji na mbolea, wanasema mafungu ya humiki na fulviki bado yanawasaidia kutabiri mambo, na kwamba kulifuta jina hakukifuti kitu. Nawaelewa. Hata hivyo ubishi huu una jambo moja linalomgusa kila anayeshika jembe, nalo ni swali la kwa nini mboji hudumu.

Fundisho la zamani lilijibu: kwa sababu ni ngumu. Jibu jipya linasema inadumu kwa sababu imeshikwa. Kipande kimenasa juu ya chembe ya mfinyanzi au ya kutu ya chuma, na kimeng'enya cha bakteria hakikipati. Au kimefungiwa ndani ya kidonge cha udongo ambamo hewa haiingii. Au kipo mahali penye baridi au maji yaliyosimama, na vijidudu vinavyokila vimelala. Tena sehemu kubwa ya kilichoshikwa haitoki moja kwa moja kwenye majani: ni mizoga ya bakteria na kuvu waliokula majani hayo, wakazaliana, wakafa, na kuta za seli zao zikanata kwenye mfinyanzi.

Jibu hili linageuza hesabu ya shambani. Zamani tungesema mboji nzuri hutokana na vitu vigumu kuoza kama miti. Sasa tunaona kwamba hata chakula laini, kama majani mabichi na utomvu unaotolewa na mizizi hai, chaweza kuacha mboji ya kudumu, mradi kinapita kwanza kwenye matumbo ya vijidudu na kukuta mfinyanzi wa kukipokea. Na tunaelewa kwa nini kulima kila mara huimaliza: jembe linavunja vidonge, hewa inaingia, kilichokuwa kimefichwa kinaliwa.

Mmea hauli mboji

Mwanzoni mwa karne ya 19 Albrecht Thaer, mwalimu mkubwa wa kilimo huko Ujerumani, alifundisha kwamba mimea inaila mboji kama sisi tunavyokula mkate. Ilionekana wazi: penye weusi mazao hustawi. Carl Sprengel katika miaka ya 1820, kisha Justus von Liebig mwaka 1840, walionyesha kwamba mmea unahitaji madini, na kaboni yake inatoka hewani. Hoja yao ilikuwa sahihi. Bahati mbaya, wengi waliowafuata walivuka mpaka, wakadhani kwamba ikiwa mboji si chakula cha mmea basi haina kazi, na kwamba mfuko wa mbolea ya madini unatosha peke yake.

Kazi yake ni ya ghala na ya mjenzi. Kwenye ncha za vipande vya mboji yapo makundi ya atomu yanayopoteza hidrojeni na kubaki na chaji hasi. Kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na amonia iliyoyeyuka zina chaji chanya, kwa hiyo zinanasa hapo badala ya kuchukuliwa na mvua, na mzizi unazipata kwa kubadilishana nazo hidrojeni. Mfinyanzi nao una chaji hiyo, lakini si mfinyanzi wote. Kaolini, mfinyanzi mwepesi wa rangi unaotawala kwenye udongo mkongwe wa maeneo ya joto na mvua nyingi, hushika kidogo sana. Kilo kwa kilo, mboji yaweza kushika mara kumi zaidi na hata kupita hapo. Ndiyo maana kwenye udongo wa namna hiyo mboji ya asilimia 2 au 3 tu yaweza kubeba sehemu kubwa ya uwezo wote wa kutunza virutubisho. Ikiisha, mbolea unayotia leo unaifuata mtoni kesho.

Naitreti, umbo la naitrojeni ambalo mizizi huinyonya, haimo katika neema hiyo. Ina chaji hasi kama mboji yenyewe, basi hizo mbili husukumana. Naitrojeni hukaa katika mboji kwa njia nyingine, ikiwa sehemu ya mwili wake, na hutoka kidogo kidogo vijidudu vinapoila.

Hapa pana hesabu ambayo natamani ingefahamika zaidi. Mboji ya udongoni ina takribani sehemu 10 hadi 12 za kaboni kwa kila sehemu moja ya naitrojeni. Maana yake, huwezi kuweka tani moja ya kaboni udongoni kama mboji bila kufungia humo kilo 80 hadi 100 za naitrojeni. Mabua makavu ya nafaka yana uwiano unaokaribia 80 kwa moja, na unga wa msumeno unafika mamia. Ukivifukia vikiwa vikavu, vijidudu vitatafuta naitrojeni inayopungua popote ilipo, na cha kwanza kukutana nacho ni ile ya mazao yako. Mazao yanageuka manjano, na mtu anasema mabua ni sumu. Hayana sumu. Vijidudu vimekopa, na vitalipa vikifa, ila msimu huenda ukawa umepita.

Kuhusu maji, sifa za mboji zimetiwa chumvi. Utasoma kwamba inashika maji mara ishirini ya uzito wake, na kwamba asilimia moja zaidi inaokoa shamba na ukame. Wanasayansi wa udongo Budiman Minasny na Alex McBratney walikusanya vipimo vingi vya udongo kutoka sehemu mbalimbali za dunia, na mwaka 2018 wakaripoti kwamba asilimia moja zaidi ya kaboni huongeza, kwa wastani, takribani milimita 1.16 za maji yanayopatikana na mmea katika kila milimita 100 za kina. Kwa tabaka la juu la sentimita 20, hiyo ni kama lita mbili na robo kwa kila mita ya mraba. Kwenye kichanga faida ni kubwa zaidi, kwenye mfinyanzi ni ndogo.

Sisemi haya ili kuishusha mboji. Nadhani tumeisifia mahali pasipo pake na kusahau pale inapostahili. Matone ya mvua kubwa yakipiga udongo uliokosa mboji, vidonge vyake hupasuka, unga unaziba matundu, na juu panakauka kama sakafu. Maji hayaingii, yanakimbia na udongo. Vidonge vilivyogandishwa kwa mboji, nyuzi za kuvu na gundi ya bakteria huvumilia kipigo hicho. Lita mbili za ziada ni kitu kidogo ukilinganisha na mvua nzima iliyopata mlango wa kuingia.

Na subira inahitajika. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo nchini Uingereza, lipo shamba la majaribio ya shayiri liitwalo Hoosfield, lililoanza mwaka 1852. Kipande kimoja kilipewa samadi kila mwaka hadi 1871, kisha kikaachwa bila samadi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye udongo wake ulikuwa bado na kaboni zaidi ya jirani yake ambao haukupata kamwe. Waliotia samadi ile hawakuishi kuona mwisho wa kazi yake.

Inapoingia kwenye bomba

Si mboji yote inabaki udongoni. Vipande vidogo, hasa vya fungu la fulviki, huyeyuka na kushuka na maji hadi mitoni. Mahali penye misitu ya kinamasi na udongo wa kichanga usioweza kuvishika, mto mzima huwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Rio Negro huko Brazili ulipata jina lake, Mto Mweusi, kwa sababu hiyo, na Ruki katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa mito myeusi zaidi inayojulikana.

Ndani ya mto, mboji haimdhuru mtu. Kwa samaki ni kinga pia: inaishika shaba iliyoyeyuka, na shaba iliyoshikwa haina ukali wa shaba iliyo huru. Kero inaanza tunapotaka kuyasafisha maji hayo.

Mwaka 1974 Johannes Rook, mkemia wa maji mjini Rotterdam, aliripoti jambo lililoushtua ulimwengu wa maji ya kunywa. Klorini, dawa iliyookoa mamilioni ya watu na kipindupindu na homa ya matumbo, ilipokutana na mboji iliyomo majini ilizaa klorofomu na jamaa zake, kemikali ziitwazo trihalomethani. Baadhi yake zinashukiwa kuleta saratani mtu akizinywa kwa miaka mingi. Marekani iliweka kikomo, ambacho sasa ni mikrogramu 80 kwa lita kwa jumla yake. Shirika la Afya Duniani lina kikomo cha mikrogramu 300 kwa lita kwa klorofomu, na linasisitiza kwamba hofu ya kemikali hizi isiwe sababu ya kupunguza uuaji wa vijidudu. Nakubaliana nalo kwa moyo wote. Maji yenye vijidudu huua mtoto ndani ya siku chache.

Njia ni kuondoa mboji kwanza, klorini ije baadaye. Hapa tabia ya kung'ang'ania inageuzwa silaha dhidi yake. Shabu, au chumvi ya chuma, ikitiwa majini hutoa chembe zenye chaji chanya, na mboji yenye chaji hasi inazikumbatia. Yanatokea mapande mepesi kama sufi, yanakua, yanazama, na kinachobaki kinachujwa kwa mchanga. Mafundi wanajua kwamba kwa mboji kazi hii huenda vizuri zaidi maji yakielekea kidogo kwenye asidi, pH kati ya 5 na 6 hivi. Ukitia shabu kwa kipimo kilichozoeleka kwa maji yenye tope, tope litaondoka na rangi itabaki. Mchanga peke yake hauifai rangi, maana vipande vilivyoyeyuka hupita katikati ya punje bila shida. Vile vidogo kabisa hupita hata kwenye shabu, na hapo hutumika mkaa ulioamilishwa, yaani mkaa uliotayarishwa ili unase vitu vilivyoyeyuka, au utando wa kuchujia.

Kuna mtego mwingine ambao umewachosha wengi. Maji ya kisima yenye chuma kwa kawaida huponywa kwa kuyapiga hewa: chuma kinapata kutu, kinazama. Kisima kikiwa karibu na kinamasi hewa hiyo haifui dafu, kwa sababu mboji imekishika chuma na kukizuia kuganda. Mtu ananunua pampu kubwa zaidi ya hewa, kumbe tatizo lake ni mboji. Vivyo hivyo kwa wanaoweka chupa juani ili miale iue vijidudu: rangi ya mboji inaimeza miale hiyo kabla haijafika mbali.

Kwenye taka

Mbolea vunde ni kuoza kulikoharakishwa kwa makusudi. Unachanganya vikavu na vibichi hadi kaboni ifikie sehemu 25 hadi 30 kwa moja ya naitrojeni, unatunza unyevu, unaacha hewa ipite, na biwi linapata joto la nyuzi 55 hadi 65. Joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vijidudu vya magonjwa. Kisha linashuka, na hapo ndipo wengi hukosea. Biwi likipoa watu hudhani limeiva, kumbe huenda limepoa kwa sababu limekauka au limekosa hewa. Kuiva huja baadaye, kimyakimya, wiki nyingi au miezi, vijidudu vinapomaliza vilivyo laini na kubaki na visivyo na haraka.

Mbolea mbichi ina madhara ya kweli: inanyang'anya mizizi hewa, inakopa naitrojeni, na asidi zake huchoma miche. Kipimo cha nyumbani hakihitaji maabara. Lowesha kidogo konzi chache, zifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, ziache siku chache mahali pa joto. Ukifungua ukapigwa na harufu ya uvundo au ya amonia, rudisha biwi kazini. Ikinukia udongo, panda.

Upande wa majitaka neno hili lina historia inayonifurahisha. Katika mitambo ya zamani ya Uingereza, majitaka yalinyunyizwa juu ya kokoto zilizovaa utando wa vijidudu, na utando ukimeguka ulituama katika matangi ambayo mafundi waliyaita matangi ya mboji, kwa kuwa tope lake lilikuwa la kahawia na halikunuka sana. Wakemia waliliona jina hilo la kimakosa, kwani lile lilikuwa rundo la bakteria waliokufa. Sasa tunapojua kwamba mboji ya udongoni nayo imejaa mizoga ya bakteria, mafundi wale hawakuwa mbali.

Kwenye dampo hali ni chungu zaidi. Maji yanayovuja kutoka taka changa yamejaa vitu ambavyo bakteria hula kwa urahisi, na mtambo wa kawaida huyatibu. Dampo likizeeka, vilivyo laini vimekwisha liwa ndani kwa ndani, na yanayotoka ni maji ya kahawia yenye mboji. Ukiwapa bakteria hawayagusi. Mtambo uliofanya kazi vizuri mwanzoni huonekana umeharibika, ilhali mzima; chakula chake ndicho kimebadilika. Hapo lazima zije njia ghali, kama utando, mkaa ulioamilishwa au ozoni.

Liko jambo la mwisho, na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu mbolea ya takataka za mjini inazidi kusifiwa. Mboji huishika risasi na kadimiamu kama inavyoshika kalsiamu. Haiziharibu, maana metali haiozi. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya kaboni hupaa ikiwa hewa ya ukaa, biwi hupungua uzito na metali haipungui: tani moja ya taka yenye gramu 10 za risasi ikibaki nusu tani ya mbolea, gramu 10 bado zimo, sasa zimekolea mara mbili. Hakuna joto wala muda wa kuiva utakaozitoa. Betri na mabaki ya rangi za zamani yanapaswa kutengwa kwenye ndoo ya nyumbani, kabla mzigo haujafika kwenye biwi.